Vyura hawatafutwi Septemba

Kuna sentensi moja imenikera wiki nzima. Imo kwenye muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira ya mgodi wa wazi wa makaa ya mawe huko kusini (mgodi siutaji, mshauri elekezi simtaji, hela ya wakili sina). Inasema: "Katika eneo la mradi hakuonekana kiumbe yeyote aliye hatarini kutoweka." Nikarudi nyuma kutafuta timu ilikwenda lini. Septemba. Tena siku chache tu.

Nyie wa Dodoma Septemba mnaijua. Vumbi, upepo, mibuyu haina hata jani, makorongo makavu mpaka ng'ombe wanayafanya barabara. Zunguka Nkuhungu nzima mwezi huo, sema hujaona chura, na utakuwa mkweli kabisa. Kisha subiri mvua ya kwanza inyeshe, kumbikumbi wavamie taa, halafu ujaribu kulala kwa kelele. Wale vyura hawakuja na basi kutoka Morogoro, walikuwa ardhini muda wote. Kusini nako mvua ni za msimu mmoja kama kwetu. Kwenda kuhesabu viumbe kiangazi ni kama kuja hapa Bunge likiwa limeahirishwa, ukaandika kwamba nchi hii haina wabunge.

Na si vyura peke yao. Kuna visamaki vya rangi za kupendeza, wataalamu wanaviita Nothobranchius, vinaishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka vinakufa vyote, yanabaki mayai ndani ya tope gumu yakingoja msimu mwingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye spishi nyingi zaidi za visamaki hivi, kadhaa hazipatikani kwingine kokote, na baadhi zimetajwa kuwa hatarini kutoweka kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi. Sasa mtaalamu akipita hapo kiangazi anaona nini? Udongo. Anaandika "udongo". Na mgodi wa wazi unaanza hasa kwa kuukwangua huo udongo wa juu, kurundika kifusi pembeni, ndipo makaa yafikiwe.

Kifusi nacho kina mambo yake. Miamba ya makaa mara nyingi ina madini ya chuma na salfa. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi hufuata mkondo. Makaa ya Ngaka na Mchuchuma yako bonde la Ruhuhu, na Ruhuhu inamwaga Ziwa Nyasa, lenye mamia ya spishi za samaki ambazo karibu zote hazipo popote pengine. Mbasa wa ziwa hilo hupanda mtoni kutaga. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba ukitaka kujua nani anapita mtoni, uende mto ukiwa na maji.

Nilipomweleza hayo jamaa yangu wa ofisi za Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, alicheka. "Kaka, utatukwamisha kwa ajili ya chura?"

Haya, tuzungumze chura. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa maji wa Mto Kihansi ukiwa tayari unaendelea. Kiumbe mdogo wa sentimita mbili hivi, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na makazi yake duniani kote yalikuwa hekta chache za manyunyu ya maporomoko. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, sisi huku tukitandaza mabomba ya kunyunyizia korongo. Fangasi wakavamia waliobaki. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. 2012 ndipo tukaanza kumrudisha. Piga hesabu ya ndege, mabomba na miaka yote ya kumtunza ugenini, halafu uweke pembeni posho ya watu wawili wa kukaa korongoni masika moja kabla ya mtu yeyote kuchora bwawa. Nani hapo alikwamisha nani?

Najua mtakalosema. Mkaa wa miti unamaliza misitu, na mkaa mbadala wa makaa ya mawe unaokoa miti. Kweli, nakubali, kwa shingo upande. Ajira pia, haya. Sijasema msichimbe.

Ninachogombana nacho ni utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza wala kupewa fedha, kwa gharama za mwenye mradi mwenyewe. Hapo kwenye gharama ndipo panaponuka. Mwenye mradi anamchagua mshauri, anamlipa, anampangia tarehe. Mshauri atakayesema "bosi, tusubiri Februari" kazi ya pili haipati. Wapo wataalamu wazuri, wanajua chura anapatikana lini kuliko mimi, na bado wanasaini, kwa sababu ada ya shule haisubiri mvua. Mwenye mradi aendelee kulipa, lakini fedha ziende serikalini, na serikali ndiyo imteue mtaalamu. Na ripoti isiyo na msimu wa mvua na wa kiangazi irudishwe ilikotoka. Mwekezaji atalia kwamba miezi sita ni mingi mno. Makaa hayo yamelala pale zaidi ya miaka milioni 250. Kwa masika moja hayataoza.