Mpira Unaotua Kesho: Gofu Mpakani mwa Sweden na Finland

Saa tano kamili usiku, mwezi Juni, mtu amesimama upande wa Sweden na fimbo yake. Anapiga. Mpira unaruka mpaka na kutua Finland, ambako saa iko mbele kwa saa moja na tayari ni saa sita na sekunde chache, na tarehe imebadilika. Ameuona hadi ulipoanguka, kwa kuwa majira hayo giza haliingii.

Huo ndio uwanja wa gofu wa Tornio na Haparanda, miji miwili midogo kusini kidogo ya Duara la Aktiki, mstari wa kaskazini ya mbali ambako katikati ya kiangazi jua halituí hata usiku. Una mashimo 18: mengine yako Sweden, mengine Finland.

Wanaopinga viwanja vya aina hii wana hoja, na moja inaniuma. Ukanda huo wa misonobari unakua polepole mno, na mti ukipisha nyasi za gofu haurudi. Isitoshe, nyasi zinazolala chini ya theluji kwa miezi hushikwa na kuvu, kwa hiyo watunzaji hupulizia dawa ya ukungu kabla ya baridi. Mto Torne uko jirani.

Lakini tupime. Uwanja wa mashimo 18 huchukua kama hekta 60. Finland ina zaidi ya hekta milioni 22 za misitu, na kila mwaka hufyekwa zaidi ya hekta 100,000 kwa ajili ya mbao na karatasi. Hata viwanja 100 ni hekta 6,000, tena kwa jumla, wala si kwa mwaka. Ni kweli, palipofyekwa hupandwa upya. Ila shamba la miti ya rika moja halijawa msitu ule wa zamani. Anayelilia msitu aanzie hapo. Hata ile dawa hupulizwa hasa kwenye nyasi fupi za kuzunguka mashimo, ambazo zote kwa pamoja ni kama hekta moja tu.

Sisi tumezoea gofu ya nyuma ya ukuta, ya wenye nazo, na nadhani ndiyo maana tunaihukumu haraka. Sweden ni tofauti: karibu mtu mmoja kati ya ishirini ni mwanachama wa klabu ya gofu. Na hapa mchezo umefanya jambo ambalo mikataba haikufanya. Mwaka 1809 Sweden iliikabidhi Finland kwa Urusi, Tornio ikaenda nayo, na ndugu wa bonde moja wakajikuta nchi mbili. Leo wazee wa pande zote wanatembea pamoja, wakivuka mpaka huo mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja na saa yake mkononi.

Klabu ningeibana kwenye dawa: kila mwaka itangaze imepulizia nini na kiasi gani, na iache miti kando ya maji. Kuufunga uwanja, ningekataa.