Ukianza banjo ukubwani, anza na mkono wa kulia

Wenzangu wa hapa North Carolina wanaponisikia nikipiga banjo, ile ala ya nyuzi yenye shingo ndefu na tumbo la ngozi kama ngoma, huniuliza waanzie wapi na wao, maana umri umeshakwenda. Jibu langu halibadiliki: usianze na nyimbo. Anza na mkono wa kulia, na vitabu uviweke kabatini. Sisi watu wazima tumezoea kujifunza kwa kusoma. Tukipewa karatasi yenye mistari na namba za kuonyesha kidole kikae wapi, roho inatulia. Baada ya muda mtu anaweza kukubonyezea wimbo mzima, kila sauti ikiwa mahali pake, lakini hakuna mguu hata mmoja unaotikisika chumbani. Kwangu mimi, huyo hajaanza kupiga banjo.

Nazungumzia mtindo wa zamani wa kupiga kwa kucha. Ule wa vidole vitatu, wenye kasi, ambao Earl Scruggs, mzaliwa wa jimbo hili, aliupa umaarufu baada ya kujiunga na bendi ya mwanamuziki Bill Monroe mwaka 1945, naupenda sana kuusikiliza. Ila simshauri mtu mwenye kazi, watoto na uchovu wa jioni aanze nao, kwa sababu unadai kasi mapema mno.

Mtindo wa kucha unakwenda hivi. Vidole unavikunja kama mtu anayetaka kubisha hodi. Kucha ya kidole cha shahada inashuka na kugonga uzi mmoja. Mkono unashuka tena, safari hii ukipitia nyuzi kadhaa kwa pamoja, na papo hapo kidole gumba kinatua juu ya uzi wa tano. Mkono ukiinuka, gumba linauachia ule uzi, nao unalia. Basi, ni hayo tu, yakirudiwa. Uzi wa tano ni mfupi kuliko wenzake; kigingi chake kimetokeza ubavuni mwa shingo, karibu na freti ya tano, yaani kile kijiti cha tano kati ya vile vilivyopachikwa kukata shingo. Uko juu kabisa, upande wa uso wako, lakini sauti yake ndiyo nyembamba kuliko zote, na huo ndio unaoipa banjo ule mlio usiokatika.

Nyuzi zikipangwa kwa G, yaani sauti za g, D, G, B, D kuanzia uzi wa tano, ukizipiga bila kubonyeza popote zinapatana zenyewe. Kwa hiyo mkono wa kushoto hauna kazi ya haraka. Uache upumzike wiki za mwanzo. Piga mdundo polepole huku mguu ukigonga sakafu, mpaka uweze kuzungumza na mtu bila mkono kupotea. Mimi mguu nauamini kuliko mashine ya kuhesabia mapigo, kwa sababu mashine inakuongoza wakati mguu ni wako.

Sababu kubwa ya kushikilia msimamo huu ni historia ya mkono wenyewe. Wajola wa Senegal na Gambia wana chombo kiitwacho akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mti mrefu, nyuzi tatu, mmoja mfupi kwa ajili ya gumba. Kinapigwa kwa kucha inayoshuka na gumba linalofuata. Daniel Laemouahuma Jatta, Mjola wa Gambia, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuwaonyesha wapenzi wa banjo wa Marekani ufanano huo. Kwa muda mrefu watu walisimuliwa kwamba uzi mfupi ulibuniwa na Joel Sweeney wa Virginia, aliyezaliwa mwaka 1810. Lakini ipo picha iliyochorwa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18, inayoonyesha watumwa wakicheza, na mmoja wao amepakata banjo ya kibuyu yenye uzi mfupi unaoonekana wazi. Watu waliovushwa bahari kwa minyororo, wakanyang'anywa hata majina yao, waliubeba mdundo mikononi na kuurithisha bila karatasi. Naona uchungu na fahari kwa pamoja kila nikilifikiria hilo. Nyumbani Tanzania wengi bado wanadhani banjo ni chombo cha Wazungu wa milimani. Hata Béla Fleck, Mmarekani aliyebobea kwenye banjo, alifunga safari mwaka 2005 kwenda Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kuifuata asili hiyo, na kwetu akapiga pamoja na Anania Ngoliga, fundi wa ilimba, ala ya vibapa vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba.

Na huku Marekani urithi wa mkono kwa mkono haujafa. Joe Thompson wa Mebane, hapa hapa North Carolina, mpiga fidla Mweusi aliyefariki mwaka 2012, alikaribisha nyumbani kwake vijana waliokuja kuunda kikundi cha Carolina Chocolate Drops. Walikaa naye, wakapiga naye, wakaokota nyimbo kwa masikio. Kama vijana wenye vipaji vile walifundishika hivyo, sioni kwa nini sisi tuharakie namba.

Kuhusu kununua, nina machache. Tafuta banjo isiyo na mfuniko nyuma. Ni nyepesi, na ndiyo inayofaa mtindo huu. Epuka ambayo nyuzi zimekaa juu sana ya shingo, itakuumiza vidole na utakata tamaa bila kosa lako. Kama unaishi kwenye ghorofa, chomeka kitambaa nyuma, kati ya ngozi na kijiti kinachopita ndani ya tumbo la banjo, kelele itapungua na majirani watalala.

Halafu nenda wanakokutana wapigaji wa nyimbo za zamani. Wimbo mmoja wanaurudia na kuurudia, mara nyingi kuliko unavyotarajia, na hapo ndipo sikio la mtu mzima linapopata nafasi. Omba ruhusa, keti nyuma ya mpiga banjo, mahali unapouona mkono wake wa kulia. Ziba nyuzi zako kwa kiganja cha kushoto, upige mdundo mtupu pamoja nao. Wazee wa hapa hawamkatai mgeni anayekaa pembeni akisikiliza. Anayewakera ni yule anayepiga kwa nguvu huku hasikii wenzake.