Daraja la Q'eswachaka si la miaka 500

Makala moja inasema watalii nchini Peru huvuka "daraja lenye miaka 500", yaani Q'eswachaka. Ufundi ndio wa tangu enzi za Wainka, watu waliotawala huko kabla ya Wahispania. Daraja lenyewe ni nyasi, na hufumwa upya kila Juni juu ya mto Apurímac. Nyasi hulowekwa, hupondwa kwa mawe zilainike, kisha wanawake husokota kamba nyembamba. Wanaume husuka hizo kuwa kamba nene: 4 za sakafu, 2 za kushikia mikono. Zikivutwa na kufungwa kwenye nguzo za mawe, mafundi hufuma kuta za pembeni wakianzia kila upande hadi wakutane katikati. Kazi huchukua siku 3, ya 4 ni sherehe.

Nyasi huoza. Mwaka 2020 korona ilizuia kazi, na Machi 2021 daraja likaanguka mtoni, likajengwa tena Juni. Kwa hiyo anayefika Aprili au Mei atakuta limechakaa, limelegea. Nendeni baada ya Juni, na msivuke kwa kundi, maana huyumba kwelikweli. Mahali penyewe ni zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, basi lala mji wa Cusco siku mbili kwanza mwili uzoee. Kichwa kikigonga, usikimbilie kupanda ngazi za bondeni.