Akisema "Usimwambie Mtu", Mwelewe

Rafiki yangu alinijia usiku, amejifunga skafu shingoni na sauti imemkauka. Nikampa maji, nikanyamaza. Baada ya muda akafungua ile skafu. Mpenzi wake alikuwa amemkaba.

Nikamwuliza swali ninalolijutia hadi leo: "Sasa kwa nini humwachi?"

"Nikimwacha, atampigia baba usiku huohuo."

Baba yake hakujua kwamba mwanawe anapenda wanaume wenzake.

Pale ndipo nilipoelewa. Anayempiga mpenzi wa jinsia yake hana haja ya kumfungia ndani. Namba ya simu ya baba, ya bosi au ya kiongozi wa dini inatosha. Na kwa aliyebadili jinsia, mateso huja kwa sura nyingine: dawa zake za homoni zinafichwa, anaitwa kwa makusudi jina aliloliacha, anaambiwa hakuna mwingine atakayemtaka.

Kwa hiyo msaada wa kwanza ni kutunza siri. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu, kwa nia njema kabisa, hukimbilia kuwaita ndugu wakae wayamalize. Hapo utakuwa umetimiza tishio la mpigaji kwa mkono wako mwenyewe. Nani aambiwe na lini, aamue aliyeumizwa.

Na tusijidanganye kwamba ni wachache. Takwimu za mwaka 2010 za CDC, taasisi ya afya ya Marekani, zilionyesha kuwa asilimia 44 ya wasagaji na asilimia 61 ya wanawake wanaopenda jinsia zote mbili waliwahi kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mpenzi. Kwa wanawake wanaopenda wanaume tu ilikuwa asilimia 35. Kabla hujasema "ndivyo walivyo hao", jua kwamba wengi mno katika hao asilimia 61 walitendewa na wanaume.

Sheria nazo zimechelewa. Afrika Kusini iliwahesabu wapenzi wa jinsia moja katika sheria yake ya ukatili wa nyumbani tangu 1998. Marekani ilikuwa na sheria ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili tangu 1994, lakini ni mwaka 2013 tu ilipokataza huduma zinazolipiwa na sheria hiyo kumfukuza mtu kwa sababu ya anayempenda au jinsia anayojitambua nayo. Kwingi duniani, kwenda polisi ni kujishtaki mwenyewe. Usimsukume huko. Hata nyumba salama, ulizia kwanza bila kumtaja kama watampokea. Kurudishwa mlangoni humvunja mtu moyo asijaribu tena. Wakiwa wanawake wawili, wengine huona ni ugomvi wa kawaida tu. Uliza nani anamwogopa nani.

Jambo moja lisisubiri: aliyekabwa shingo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana alama. Koo linaweza kuvimba baadaye, na aliyekaba mara moja ni wa kuogopwa sana, maana anaweza kuja kuua.

Rafiki yangu hakuondoka usiku ule. Aliniachia begi dogo: nguo mbili, vyeti, na picha za shingo yake ambazo hakuthubutu kubaki nazo kwenye simu. Lilikaa chini ya kitanda changu miezi mitatu, nami sikumwuliza lolote. Jumanne moja alfajiri akaja kulichukua, gari likimsubiri nje.