Betri ya mtaa si adui wa Kenya Power

Sola ikitajwa katika mitaa ya Nairobi, watu hubishana kuhusu paa. Nani analo, nani ana pesa ya paneli, nani atawaachia wenzake bili. Betri hutajwa mwisho, tena kama anasa. Kwangu mimi betri ndiyo ya kuzungumzia kwanza, hasa ikiwa ni moja inayomilikiwa na koti nzima, yaani nyumba za ua mmoja, au ploti kadhaa zilizounganishwa.

Wanaotilia shaka hawakosi hoja. Nguzo na transfoma hutunzwa kwa pesa za wanaonunua tokeni, na kuna mikataba ambayo Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, huilipia hata umeme wake usipotumika. Wenye uwezo wakijitoa, mzigo unamwangukia mpangaji wa Mathare asiye na paa lake. Utunzaji nao una wasiwasi wake: stima ilipopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, uwanja wa ndege wa JKIA wenyewe ulikaa gizani kwa muda kwa sababu jenereta iligoma kuwaka. Kama hao wenye mafundi wa mshahara walikwama, kamati ya wakazi itaweza?

Inaweza, ikiajiri fundi na kumlipa. Chama zinazojenga nyumba za kupangisha zimeshughulikia makubwa kuliko hayo.

Linaloniudhi zaidi ni nusu. Kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mwenye sola kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi ya taifa, lakini akiingiza yuniti 10 anahesabiwa 5. Ipo sababu: gridi ni ya kulipiwa, na umeme wa saa saba mchana hauna thamani ya ule wa saa mbili usiku, Nairobi nzima ikipika na kuwasha taa. Nakubali. Ila fanya hesabu ya mwenye nyumba. Yuniti hizo 10 akizihifadhi kwenye betri ya lithiamu, atatoa karibu 9. Kwa hiyo kanuni iliyokusudiwa kumbakiza mteja kwenye gridi ndiyo inayomsukuma anunue betri yake ajifungie nayo. Na hiyo yake peke yake ni ghali, kisha hushinda imejaa huku jirani akiwa gizani.

Ya pamoja ni hesabu tofauti. Kinyozi na fundi wa kuchomelea vyuma hutumia mchana, nyumba hutumia jioni, na hakuna siku kila mtu atapiga pasi dakika ileile. Ndiyo maana nyumba 40 hazihitaji betri 40. Moja ya wastani huzitosha, mradi kila nyumba iwe na mita yake na asiyelipa akatwe bila kujali ni binamu ya nani. (Hapa ndipo miradi mingi ya jamii hufa, si kwenye paneli.) Kibali nacho kinahitajika: kumuuzia jirani stima si sawa na kuizalisha kwa matumizi yako, na EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, lazima ihusishwe.

Halafu kuna Julai. Mawingu hukaa juu ya jiji siku nzima, paneli hutoa kidogo, na anayejigamba kuwa amekata waya wa Kenya Power hurudi kimyakimya. Gridi ndogo ya mtaa wa Nairobi, yaani paneli, betri na nyaya za pamoja, haina budi kubaki imeunganishwa na ile kubwa ya taifa. Hapo betri inakuwa na kazi ya pili. Usiku wa manane matumizi ya nchi hushuka, na Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, kuna mvuke ambao huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi wa umeme wake. Betri ya mtaa ingeununua umeme huo saa tisa usiku, iutoe kuanzia saa moja jioni inayofuata, wakati gridi inaelemewa. Kenya Power ingepata mteja kwa saa isiyo na wateja na kupunguziwa mzigo kwa saa iliyo ngumu zaidi. Viwanda na wanaochaji magari ya umeme tayari wana bei nafuu ya usiku. Kamati ya wakazi wa mtaa wa Umoja ikitaka kununua hivyo, italipa bei ileile ya saa mbili usiku.