Acheni kumenya bitiruti kabla ya kuipika

Wengi wanaosema hawaipendi bitiruti, ukiwauliza vizuri, utagundua walipikiwa vibaya. Ilimenywa ikiwa mbichi, ikakatwakatwa, ikatumbukizwa kwenye sufuria ya maji mengi, na kilichofika mezani ni vipande vilivyopauka. Utamu wake ulimwagwa pamoja na maji. Ndiyo maana nashikilia kwamba bitiruti ya kuchemsha au kuoka ipikwe nzima, na ganda lake na mkia wake.

Rangi ile nyekundu, betanini, huyeyuka kwenye maji, na sukari na foleti (aina ya vitamini B) vivyo hivyo. Kisu kikipita tu, vyote vinaanza kuvuja. Ganda ndilo linalovizuia, kwa hiyo ulilinde tangu siku unayonunua.

Ukichagua, zipite zile kubwa zinazovutia macho. Mara nyingi katikati zina nyuzi ngumu ambazo hata zikae jikoni saa nzima hazilainiki vizuri. Mimi nachukua zenye upana wa sentimita 5 hadi 7, zinazolingana, ili ziive pamoja. Ibonyeze: iwe ngumu, nzito kuliko unavyoitegemea, bila michubuko, na mkia usiwe umekatwa. Majani yaliyosimama yanaonyesha kwamba imevunwa karibuni, ingawa isiyo na majani nayo yaweza kuwa nzuri kama mwili wake haujasinyaa.

Ukifika nyumbani, kata majani siku hiyohiyo, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye kiazi na kukiacha kikilegea. Bakiza kishina cha sentimita 3 hivi juu yake. Usiioshe, pangusa udongo tu, kisha iweke kwenye mfuko wenye matundu ndani ya friji. Hapo itakaa wiki 2 hata 3. Majani hayana subira hiyo, yapikwe ndani ya siku 2. Na tafadhali usiyatupe: bitiruti na spinachi ni za jamii moja, na ukiyakaanga kidogo kwa kitunguu utaona mwenyewe.

Siku ya kupika, isugue taratibu kwa maji, uifunike kwa maji sufuriani, na uongeze kijiko cha siki au maji ya limau. Asidi hutunza rangi. Magadi hufanya kinyume chake, rangi inageuka kuelekea udongo na manjano, kwa hiyo yaache kabatini. Za ukubwa niliotaja huiva kwa dakika 40 hivi. Usizidungedunge kila baada ya dakika 5, kwani kila tundu linavuja. Subiri, kisha choma moja tu kwa ncha ya kisu chembamba. Kikipenya bila kusukumwa, epua.

Zitie kwenye maji baridi, shika moja, sukuma ganda kwa vidole gumba. Linateleza lenyewe, linaondoka pamoja na kile kishina, na chini yake nyama inang'aa, nyekundu iliyokolea. Anayemenya mbichi kwa kisu anapoteza nyama nyingi na kupaka jiko zima rangi, kwa kazi ambayo moto ungemfanyia bure.

Kama una tanuri, zifunge kwa karatasi ya alumini na uzioke kwenye nyuzi joto 200 kwa takriban saa moja. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda zaidi, maana hakuna maji ya kuiba chochote na utamu unakolea.

Harufu ya udongo inayowakera baadhi ya watu ni ya kweli, inatokana na kemikali iitwayo jiosmini. Asidi huipunguza. Kamulia limau vipande vikiwa bado vya moto, weka chumvi na mafuta kidogo, na hapohapo ladha inabadilika.

Kuhusu kuinywa kama dawa, nitasema machache. Nitrati zake zinaweza kushusha shinikizo la damu kidogo, lakini usiache dawa za daktari kwa ajili ya glasi ya juisi. Ina okzaleti nyingi pia, kemikali inayoweza kuchangia mawe ya figo, hivyo mwenye historia ya mawe hayo amuulize daktari kwanza. Na mkojo ukigeuka mwekundu baada ya kuila, huwatokea baadhi ya watu na hauna madhara. Ukiendelea siku kadhaa bila kuigusa bitiruti, nenda hospitali.