Kiredio cha mlangoni

Kwenye vyumba vya kungojea vya wanasaikolojia wengi hapa Ubelgiji kuna kiredio kinachopiga muziki usiosikilizwa na mtu. Hakikuwekwa cha kuburudisha. Kipo ili sauti ya anayelia ndani isimfikie anayengoja nje. Wengine wana milango miwili, unaingilia huu na kutokea ule, usikutane na jirani. Ukiwa mtoto wa Goma au Bukavu, mashariki mwa Kongo, kitu hicho kinakufurahisha na palepale kinakuudhi, maana kiredio chenyewe hata Birere, kwetu Goma, kinauzwa, tena kwa bei ya kubishana.

Najua mtakachosema: huyu amekula frites, chipsi za Ubelgiji, miaka michache, sasa anataka kutufundisha kulia. Hapana, mayaya, wakubwa zangu. Kwa kukaa na mtu mwenye uchungu tumewashinda wazungu mbali sana. Hapa mtu anafiwa Jumatatu, Alhamisi yuko kazini, na hakuna aliyelala kwake hata usiku mmoja. Matanga yetu ni tiba, nitalisema popote. Ninachodai ni kimoja: kwetu masikio hayakosekani. Unaokosekana ni mdomo unaojifunga baada ya kusikia.

Chukueni mtu wa Ndosho, mtaa wa Goma, asiyepata usingizi tangu vita viingie mjini Januari 2025. Atamwambia nani? Tantini, yaani shangazi, atamwambia dada yake, "ila usimwambie mtu." Pasta atamwombea kwa moyo wote, halafu Jumapili shida yake itakuwa ombi la kanisa zima: jina limefichwa, mtaa umetajwa. Kisha chumba cha maombi, siku tatu za kufunga, kwa mtu ambaye tayari halali wala hali. Basi anakimbilia famasi ya njiani na kununua diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, bila karatasi ya daktari. Wiki ya kwanza analala vizuri. Baadaye kidonge kimoja hakitoshi tena. Miezi ikipita akiiacha ghafla, anatetemeka, anatoka jasho, pengine anapata mishtuko kama ya kifafa, na nyumba nzima inasema mashetani yamerudi. Hayajarudi. Ni dawa iliyokatwa kwa kishindo, wakati ilipaswa kupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, daktari akijua.

Ndani ya kile chumba chenye kiredio hakuna maajabu. Kikao ni dakika 45 mpaka 60. Siku ya kwanza unaulizwa usingizi, chakula, pombe, unaishi na nani, halafu unaulizwa bila kuzungushwa: umewahi kuwaza kufa? Watu wetu swali hilo huwatisha, wanaona ni kukiita kifo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kunampa ruhusa ya kulitamka. Kisha unaambiwa siri inaishia wapi: uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, au mtoto akiumizwa, mtaalamu anaweza kuwahusisha wengine. Asiyekuambia mpaka huo siku ya kwanza, muulize wewe. Na msingoje sindano wala serumu. Wengi wetu huacha baada ya mara mbili, "ameniuliza tu, hakunipa kitu." Mwanasaikolojia haandiki dawa, kazi hiyo ni ya daktari.

Bei hapa Ubelgiji ni hivi. Kwa mwanasaikolojia aliye kwenye mkataba wa ngazi ya kwanza, ule unaolipiwa na bima ya afya, kikao cha kwanza ni bure, vinavyofuata ni euro 11, au euro 4 kwa mwenye hadhi ya BIM, nafuu ya bima kwa wenye kipato kidogo. Ambao hawajafika miaka 24 hawalipi. Karatasi ya daktari haihitajiki. Kwa kawaida mtu mzima hupata hadi vikao 8 vya peke yake kwa mwaka. Nje ya mkataba mnaweza kuombwa 60 na zaidi kwa saa moja, kwa hiyo ulizeni kwenye simu kabla ya kupanda treni. Jina la "psychologue" linalindwa na sheria hapa tangu 1993, na orodha ya wenye haki ya kulitumia iko kwa Commission des psychologues. Kila "coach" wa Matonge, mtaa wa Wakongo jijini Brussels, anayetangaza uponyaji wa roho, mtafuteni humo kwanza.

Na ili msiseme ninaipamba Ulaya: foleni inaweza kula wiki au miezi. Tena siri yenyewe huvuja palepale tulipodhani imefungwa. Mtu anaomba mkalimani wa Kiswahili, basi, analetewa kijana wa parokia yake. Semeni mapema kwamba mnataka wa simu, au anayetoka Tanzania au Kenya. Mtoto wenu msimweke katikati hata kidogo. Atatafsiri ndoa ya wazazi wake. Wapo pia wataalamu ambao ukiwaambia baba mdogo amekuloga wanaruka kama hawakusikia. Aliye mzuri atauliza baba mdogo ni nani, mligombania nini. Ukimpata wa kuruka, badilisha, hakuna kosa.

"Hayo ni mambo ya wazungu." Kweli? Kituo cha afya ya akili cha SOSAME kiko Bukavu, cha Tulizo Letu kiko Goma, na wanaofanya kazi humo ni watu wetu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Kivu kwa wanawake waliobakwa. Wahudumu walikuwa wasaidizi wa hapohapo, wale tunaowaita APS, wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, na tiba ilikuwa vikao 12, karibu vyote katika kikundi kidogo. Waliopata tiba hiyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa kawaida wa mmoja mmoja, na vita havikuwa vimekwisha. Kwa hiyo na ile ya "kwanza amani, halafu kichwa" naikataa.

"Hatuna sheria kama zao." Tunayo. Kanuni ya adhabu ya Kongo inamwadhibu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa kazi yake. Tusichonacho ni ukuta. Kwetu chumba cha kusikiliza kimegawanywa kwa triplex, mbao nyembamba zinazopitisha sauti, nesi anapita kuchukua kipimajoto, daftari lenye majina kamili liko mezani wazi. Namba badala ya jina haigharimu franka. Kabati yenye kufuli inagharimu kidogo. Lenye gharama kweli ni mradi kufungwa mtu akiwa kikao cha nne, na APS aliyeshika siri zake anarudi kutafuta kazi. Hilo mgonjwa ana haki ya kuliuliza tangu mwanzo: mko hapa mpaka lini, na mkiondoka daftari langu linabaki kwa nani? Aibu ya jibu si yake.

Nanyi wakubwa wa vituo vya afya, mnaosema huyu wa Ulaya anapiga kelele tu, tazameni mlango mmoja. Ule ulioandikwa kwa herufi kubwa "PSY – VBG", yaani mwanasaikolojia na ukatili wa kijinsia, mbele ya benchi ambalo mtaa mzima unangojea chanjo za watoto. Mwanamke akiingia pale, hajasema neno, na tayari amesemwa. Uandikeni "Chumba 4". Kopo moja la rangi litatosha, na litabaki.